Wifi, Nyekundu Imeshika

Wifi yangu Leokadia,

Nimekaa kwenye kigoda chako, kile chenye mguu mmoja mfupi. Kaka yako alitaka kukichonga kisawazike, nikamkatalia. Nimeshazoea kuyumba nacho. Leo ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Kesho parokia nzima tunakwenda makaburini kuwaombea marehemu, na barua hii nitakusomea pale pale kwa sauti ndogo. Watu watadhani nasali rozari. Mungu anisamehe. Nitasali pia, lakini kwanza haya.

Nina habari na nina ombi. Habari nimeibeba kifuani tangu mwezi wa tisa, na imenielemea, maana hapa duniani hakuna mwingine atakayeifurahia kama ambavyo wewe ungeifurahia. Ombi ndilo linalonitia woga. Acha nianze na habari.

Wifi, nyekundu imeshika.

Najua ungesimama hapo, mkono kiunoni, useme, "Muongo mkubwa wewe." Sisemi uongo. Ile nyekundu ya nyuzi, uliyoiita kaidi kama mke wa kaka yako, imeshika kwenye udongo. Tena udongo wako. Maji yamebaki juu, meupe, unaona mpaka sakafu ya ndoo.

Sasa ngoja nikusimulie vizuri, maana uliondoka mambo yakiwa nusu.

Unakumbuka siku ile ulipokuja uani kwetu umejifunga kanga kama mtu anayekwenda vitani? Sisi wanakikundi watano tulikuwa tumemaliza kuchemsha ukindu wa mikeka kwa rangi ya zambarau, tukamwaga maji ya sufuria mtaroni kama siku zote. Mtaro unapita nyuma ya nyumba yako kwenda mto Lumemo. Siku hiyo ukingo ulikuwa umebomoka, maji yote yakaingia kwenye shimo ulimoloweka udongo wa vyungu. Ukaja ukanisimamia mbele ya wenzangu: "Hivi kaka yangu alioa mke au aliokota chupa ya wino?" Bibiana alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilinuna, na kununa kwangu unakujua, naweza kununa tangu mpunga unapandwa mpaka unavunwa.

Kesho yake asubuhi ulirudi, kanga imelegea. "Wifi, kununa utaendelea baadaye. Njoo uone kitu."

Nikaja kwa shingo upande. Ukachota maji ya shimo kwa kata ukayainua juani. Yalikuwa meupe. Ukaingiza mkono chini, ukatoa tonge la udongo, nalo lilikuwa zambarau tupu, kama vazi la padre siku za Kwaresima. Ukanitazama usoni ukaniuliza, "Hii rangi yako imelala humu, au imekufa?"

Sikujua. Niliishia darasa la saba, na darasa la saba hawakutufundisha rangi inakufaje. Lakini swali lile liliniingia. Nadhani siku ile ndipo nilipoacha kukuogopa. Miaka ishirini na tatu nilikuwa nakuheshimu kwa kuwa ni dada wa mume wangu, ukinitania nakutania kwa kuwa ndiyo desturi ya mawifi. Lakini asubuhi ile tulichuchumaa wote wawili juu ya shimo la matope kama watoto waliookota kitu njiani, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Ukafinyanga kibakuli kwa udongo ule wa zambarau. Ulipokichoma pamoja na vyungu vingine kikatoka chekundu cha udongo kama wenzake, zambarau hata tone. "Imeungua," ukasema. "Imekwenda na moshi." Na mimi nikakuuliza, je, moshi wenyewe ulikuwa wa zambarau? Ukanipiga na kitambaa cha mkononi.

Baada ya hapo ukuta wako wa nyuma ukajaa makopo ya maji ya rangi tuliyoyakoroga na udongo. Kijani cha ukindu, kikashika. Bluu ikashika. Ile ya waridi iliyokolea ikashika mpaka tukagonganisha viganja. Tukamaliza rangi zote za ukindu, tukajiona mabingwa. Ndipo tukaleta nyekundu ya nyuzi za pamba, tunazofumia vitambaa vya meza. Kopo la kwanza, asubuhi yake maji mekundu. La pili, mekundu. Ukaongeza udongo ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, maji yaliyojitenga juu yakabaki mekundu vilevile, yanatukodolea macho. Ukasema, "Hii haina adabu." Tukasema tutajaribu tena baada ya mavuno.

Halafu ukafa.

Wifi, sijui niandikeje hapo. Ulilalamika kichwa Jumatatu, ukasema ni jua. Jumatano walituambia ni presha. Ijumaa tukakuzika. Nilikuwa na kopo dirishani nililokuwa nimekuwekea ulione, sikulimwaga mpaka likakauka lenyewe.

Mwezi mmoja baada yako, mtaa ukatuita. Mama Tabu, yule anayelima mchicha kando ya mtaro kule chini, alikuwa amepeleka mashtaka kwa mwenyekiti. Sokoni mteja aliinua fungu lake akakuta mizizi ina wekundu. Akalirudisha. Na mwingine akalirudisha. Mama Tabu alisimama kwenye kikao akasema, "Mimi sina ugomvi na mikono yao. Nina ugomvi na maji yao." Na ni kweli. Mwenyekiti akatupa mpaka mvua za kwanza: ama maji yanayotoka uani kwetu yawe meupe, ama moto wa rangi uzimwe kabisa, yaani hata ule wa ukindu. Mvua ikishaanza mtaro unafurika, unaingia kwenye majaruba ya mpunga ya watu, na hapo alisema hataweza kututetea.

Tukafikiria kuacha nyekundu. Bibiana akasema, "Kitambaa cha meza bila nyekundu ni shuka la hospitali." Na ndivyo ilivyo, wanunuzi wanaulizia nyekundu kwanza. Ukiitoa, tumebaki na mikeka, na mikeka peke yake haitulishi watano.

Sasa sikia jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote.

Chini ya upenu wa nyumba yako uliacha lile pipa la plastiki lililokatwa nusu, limejaa udongo uliokuwa umeuloweka wiki ile ya mwisho, umefunikwa gunia. Udongo wa mwisho uliouchimba kwa mikono yako. Hakuna aliyeugusa. Mwanao alikuja kuzika akarudi Mngeta kwenye vibarua vya mpunga, kaka yako alikuwa hawezi hata kuutazama. Mimi kila Jumapili baada ya misa nilikuwa napita kuongeza kopo la maji usikauke. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kwamba ukikauka, na wewe utakuwa umeondoka zaidi.

Ikafika arobaini. Ndugu walikuja kutoka Mahenge, wanawake ambao hatukuwa tumesuka upya tangu mazishi tukafumua, tukaoshana nywele pale nyuma ya nyumba yako tukijiandaa kusukana. Yule binti wa mama mdogo mwenye saluni alileta ndoo nzima ya ile krimu ya kulainisha nywele, wanayoiita stimingi. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Tumepakana, tumecheka kidogo kwa mara ya kwanza, tumesuuzana. Na maji yote ya kusuuza, yale meupe ya utelezi, ndugu zako wakawa wanayamwaga kwenye nusu pipa, wakidhani ni la maji machafu. Nilipogeuka kuona, lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, povu juu.

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kupiga kelele. Lakini ilikuwa siku ya kuondoa msiba, siku ya amani, na waliofanya hivyo hawakujua. Walipoondoka nikamwaga yale maji ya juu taratibu, nikaongeza safi, nikafunika gunia. Nikakuomba radhi pale pale. Sijui kama ulisikia, maana nililia zaidi kuliko nilivyosema.

Kati ya hapo na mwezi wa tisa nilijaribu kila udongo. Wa kingo za mtaro. Wa kichuguu. Wa wachoma matofali. Kwenye zambarau ulisaidia, kwenye nyekundu hakuna hata mmoja. Siku zikawa zinakwisha. Bibiana akaanza kusema habari za kwenda Chita kulima kwa dada yake. Ndipo asubuhi moja, baada ya kusali sana, nikaenda upenuni kwako na kikombe. Nikasema, wifi, kikombe kimoja tu. Nikachota juu juu, nikakoroga kwenye ndoo ya maji mekundu, nikaiacha.

Kesho yake nilifunua nikafunika tena. Nikakaa chini. Nikafunua.

Maji yalikuwa na wekundu wa mbali tu, kama chai ya rangi iliyotiwa maji mara tatu. Nikayamimina kwenye ndoo nyingine, nikatia kikombe cha pili, kufika alasiri yakawa meupe. Chini udongo mwekundu kama pilipili.

Niliita Bibiana. Alitazama, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Leokadia yuko kazini." Na wifi, nikuambie ukweli wangu wote: nilitaka iwe hivyo. Nilitaka kuliko kitu chochote iwe ni wewe. Udongo wa kila mahali umeshindwa, wako umeweza. Ningeamini nini kingine? Siku tatu nilitembea kama mtu aliyepokea barua kutoka kwako.

Lakini habari ikatoka nje. Akaja mama mmoja na chupa, anataka udongo kidogo akampake mtoto mwenye vidonda. Mwingine akaacha mshumaa upenuni kwako. Hapo nikaogopa. Nikaenda kwa padre baada ya misa ya asubuhi, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alisema, "Mama Otilia, jambo la Mungu halikimbii ukilitazama. Katazame vizuri."

Nikarudi nikafikiri, nitazame wapi? Nikawaza kama wewe ungefanyaje. Wewe usingepiga magoti mbele ya pipa. Ungekunja mkono wa gauni ukaingiza mkono mpaka chini.

Nikaingiza mkono mpaka chini. Nikatoa kikombe cha udongo wa chini kabisa, pipa lilelile, mikono yako ileile. Nikautia kwenye ndoo ya nyekundu. Kesho yake maji yalikuwa mekundu kama damu ya kuku.

Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja. Sikujua mtu anaweza. Nilifurahi maana sasa kulikuwa na njia ya kuuliza. Niliumia kwa sababu hukuwa wewe. Ni kama ulikufa mara ya pili, wifi, ila safari hii nilikuwa na kazi ya kufanya, sikuwa na nafasi ya kulala.

Udongo wa juu una nini ambacho wa chini hauna? Nililizungusha swali hilo siku nzima, nimechuma mboga nalo, nimepepeta mchele nalo. Jioni namchana mjukuu wangu wa kike nywele, chanuo likakwama, nikasema lete ile krimu. Mkono ukabaki hewani. Mtoto akaniuliza, "Bibi, vipi?" Nikasema hakuna, nimemkumbuka bibi yako mdogo.

Ilikuwa stimingi. Yale maji ya arobaini.

Nikachukua udongo wako wa chini, nikautia kijiko kimoja cha stimingi kwa kopo la udongo, nikakoroga, nikauacha siku mbili, nikausuuza. Ukashika nyekundu. Nikajaribu vijiko viwili: hakuna kilichoongezeka ila povu. Nikajaribu stimingi peke yake bila udongo, ikawa uchafu mtupu. Niliandika yote kwenye daftari la mjukuu, kurasa za nyuma, na mwandiko wangu huu wa kukimbiza kuku.

Nikampelekea mwalimu wa sayansi wa sekondari yetu ya kata, Mwalimu Kulwa, binti wa Kisukuma mwenye sauti ya juu hata akinong'ona. Alisoma daftari lote amesimama. Akakaa. Akanieleza hivi, nami nakupa kama nilivyoelewa. Udongo wako una umeme kidogo sana, wa aina moja. Rangi ya ukindu ina umeme wa aina ya pili, kwa hiyo wanavutana, wanashikana. Ile nyekundu ya nyuzi ina umeme wa aina ileile ya udongo, kwa hiyo wanasukumana. "Kama mawifi wawili jiko moja," akasema, hajui anaongea na nani. Sasa stimingi ina upande unaopenda udongo. Inaingia, inakaa, inaubadilisha udongo ngozi, kisha inamkaribisha yule aliyekuwa anafukuzwa. Nikasema, aa, mshenga. Akapiga meza: "Mshenga kabisa, mama!"

Akaniambia jambo hili halikuanza kwetu, watu wa maabara wanalijua, wanaubadili udongo kwa dawa zao na kwa vipimo. "Wao wanafanya kwa mizani," akasema. "Ninyi mmefanya kwa msiba." Nililia mbele yake, naye hakujua ashike wapi, akanipa chaki. Sijui kwa nini chaki. Niliishika.

Lakini alinionya, na onyo lake nalishika. Kwanza, stimingi tusizidishe, nayo ikienda mtoni ni uchafu. Pili, maji kuwa meupe si kuwa safi ya kunywa.

Wiki mbili zilizopita mwenyekiti akaja uani, na Mama Tabu, na nusu ya mtaa. Tulichemsha nyuzi nyekundu mbele yao. Maji yote ya siku hiyo, ndoo sita, tukayatia udongo wako ulioandaliwa, tukayaacha, wakaondoka, wakarudi kesho yake. Udongo uliisha, wifi. Nilikwangua pipa kwa kijiko. Hiyo ni sehemu ya kwanza ya ninachoungama: udongo wako wa mwisho nimeumaliza. Sikubakiza hata wa kumbukumbu. Niliutazama ukiingia kwenye ndoo ya sita na mkono ukasita, Bibiana akasema, "Otilia, tia au tuzime moto." Nikatia.

Mama Tabu alikuja na glasi yake mwenyewe kutoka nyumbani, hakuamini zetu. Akachota, akainua juani, akazungusha. Akaninyooshea: "Haya, kunywa basi." Watu wakacheka. Nikamwambia, mama, haya si ya kunywa, hata mwalimu kasema. Ni ya kutokudhuru bustani yako mpaka tujue zaidi. Akamwagia pale pale miguuni kwake kwenye mchanga, akainama kuangalia kama mchanga utapata doa. Haukupata. Akasema, "Wifi yako angekuwepo angejisifu mpaka tukome." Nikasema ndiyo, angejisifu.

Mwenyekiti ameturuhusu. Kila siku ya rangi, maji yapite kwenye udongo kwanza, na matope mekundu yasirudi mtaroni. Hayo matope tunayafanya matofali, tunayachoma, kama ulivyofanya na kibakuli. Nimepasua moja kuangalia ndani. Halina wekundu wa nyuzi, ni udongo mtupu. Ila sasa na mimi najiuliza kama wewe: ikiungua inakwenda wapi? Mwalimu Kulwa amesema atauliza huko anakokwenda kusoma.

Sasa ombi.

Udongo umekwisha, na wa wachoma matofali ni wa mchanga. Hata ukipewa stimingi, unashika nusu, maji yanabaki kama ya rozela. Unaoshika ni wako tu, ule wa mbugani unaoteleza kama sabuni na kupasuka ukikauka. Na shimo la mbugani, lile la kuchimbia udongo, nakumbuka sheria yake. Mama mkwe alikushika mkono akakuingiza. Wewe hukujaliwa binti. Mwanamke aliyeolewa ukoo huu haingii mpaka mwenye shimo amshike mkono, na mwanaume hasogelei kabisa. Hakuna aliyebaki wa kunishika mkono.

Na wewe ulitaka kunishika, wifi. Hapa ndipo panaponiuma, na ndiyo sehemu ya pili ya ninachoungama. Mwaka jana, alfajiri moja, ulikuja na jembe begani ukasimama mlangoni: "Wifi, twende mbugani leo." Na mimi nilikuwa bado nimenuna kwa neno ulilonitania sokoni mbele ya wateja. Nikasema nina sufuria motoni. Sikuwa na sufuria motoni. Ulijua, maana jikoni hakukuwa na moshi. Ukasema, "Haya," ukaenda peke yako. Hukuniita tena, nami sikuuliza.

Mawingu yamekaa siku tatu juu ya milima ya Udzungwa. Mvua ikishuka, mbuga inajaa maji, na shimo halionekani mpaka mwezi wa sita. Nisipochimba juma hili, tutawasha moto bila udongo, au hatutawasha, na Bibiana atakwenda Chita.

Juzi nilimweleza kaka yako. Nilitegemea atasema hapana. Aliweka kikombe cha chai chini. Akaenda nyumbani kwako, akarudi na jembe lako, la mpini mfupi. Hakunipa mkononi. Aliliegemeza ukutani upande wangu wa kitanda, akasema, "Mimi siruhusiwi kukuingiza. Lakini hakuna sheria inayonikataza kubeba jembe la dada yangu." Kisha akatoka nje.

Basi naingia, wifi. Kesho kaburini, kesho kutwa mbugani na Bibiana, ambaye atabaki juu ukingoni. Kama hutaki, nizuie kwa namna ambayo mwanamke wa darasa la saba ataielewa, ila nakusihi, usinitumie nyoka. Nitasimama ukingoni niseme jina la mama mkwe, lako, halafu langu, kwa mpangilio huo. Nitasali Salamu Maria moja. Nitachimba pale ulipoachia, sitafungua upande mpya.

Na nakuahidi jambo. Ndoo ya kwanza haitaonja rangi wala stimingi. Ni ya chungu, maana shimo lile ni la vyungu na mimi ni mgeni wake. Sijawahi kufinyanga hata kifuniko. Nina miaka hamsini na mbili, vidole vyangu vina madoa ya nyekundu mpaka kwenye kucha, na nitakaa chini nijifunze kwa kukosea, kwa kukumbuka tu namna ulivyokuwa ukizungusha mikono. Kitakuwa kimepinda. Huenda kikapasuka motoni. Kikipasuka nitafinyanga kingine, na kingine, mpaka kiwepo kimoja kinachoweza kubeba maji kutoka kisimani kufika nyumbani. Halafu nitamshika mkono mjukuu.

Mungu akupe mwanga usiozimika, na akupe watu wa kuwatania huko uliko, maana najua hukai kimya. Pumzika, wifi yangu. Mimi kesho kutwa naamka mapema.

Wifi yako,
Otilia